Mashine ya Karani wa Pamba

Wanaonijua leo wananijua kwa magari. Ninayo manne, na pale Kirumba, ukitoka Mwaloni na harufu yako ya samaki, nina sehemu ya kuoshea magari ya watu. Mashine zinanguruma toka asubuhi, wenye magari wanapanga foleni kama wanangoja kivuko cha Kigongo. Sikurithi hata msumari. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikaa dirishani nikitazama magari yanayopita. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani anayeandika hapa ni mtu aliyezoea kushindwa. Sikuzoea. Lakini mteja akiniuliza, "Bosi, nataka mashine ndogo ya umeme ya kuoshea gari nyumbani, ya bei nafuu, nichukue ipi?" mdomo wangu, ambao Mwanza nzima inaujua, unakuwa mzito. Namkumbuka Karani.

Alikuwa na jina la ubatizo na la ukoo, yote mazuri, lakini hakuna aliyeyatumia. Alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba la ushirika, na mimi nilikuwa kuli wake. Mtu mrefu, mkavu, kalamu nyuma ya sikio, koti moja la kijivu jua liwake mvua inyeshe. Chai hakununulia mtu. Kanisani alitoa zaka bila kupunguza, na akitoka nje anaokota kizibo cha chupa anatia mfukoni, eti kina kazi yake.

Wakulima walimwogopa kuliko polisi. Unajua mambo ya pamba. Mtu analowesha gunia kwa umande, au anaficha jiwe katikati ili mizani iseme uongo. Karani hakupiga kelele. Angetia mkono ndani ya gunia hadi kwenye kwapa, macho yametazama paa, kama mkunga. Angelitoa jiwe, akaliweka dirishani, akapima upya, akaandika kilo za kweli. Kisha, mbele ya foleni nzima, angelichukua lile jiwe kwa mikono miwili na kumpa mwenyewe.

"Chukua jiwe lako, baba. Utajengea."

Hilo tu. Mji wetu una mawe mpaka ndani ya ziwa, hakuna mtu wa Mwanza anayehitaji kupewa jiwe. Ndiyo maana liliuma. Nimeona mtu mzima, mwenye ng'ombe wake sitini, akiondoka na jiwe mkononi hajui aliweke wapi.

Kazi ya kubeba alinifundisha yeye. Wiki yangu ya kwanza nilibeba kwa nguvu, kifua mbele, najionyesha. Akanisimamisha.

"Wewe kijana, unabeba nini?"

"Gunia, baba."

"Unabeba kwa misuli. Beba kwa bega. Bega lina masikio." Akanigeuza nirudi na gunia lile lile. "Sikiliza. Pamba hulala. Jiwe hucheza. Ukiinuka, jiwe husogea kidogo sana, kama mtoto tumboni. Ukilisikia, niambie kabla sijaandika."

Nikajifunza. Ndani ya msimu mmoja nilikuwa namtambulia mawe kabla mkono wake haujaingia guniani. Angeniuliza bila kugeuka, "Bega linasemaje?" Nami ningejibu, "Imetulia," au, "Inacheza." Makuli wenzangu waliniita Mizani wa Pili. Sitajidharau: nilikuwa hodari kuliko wote.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Kulikuwa na bibi mmoja mjane kutoka upande wa Usagara, kila msimu analeta pamba kidogo, nusu yake fifi, ile chafu ya daraja la chini. Siku hiyo nilimwona Karani kwa macho yangu akiegemeza kidole kwenye sahani ya mizani. Kidole kimoja. Bibi akaondoka na kilo ambazo shamba lake halikuzaa. Nikamtazama Karani.

"Umeona nini?"

"Kidole, baba."

"Basi macho unayo," akasema, akiandika. "Bado mdomo. Jifunze kuwa na mdomo."

Huo mdomo, yaani wa kufunga, sikujifunza mpaka leo. Na hilo ndilo lililotugharimu, kama mtakavyoona.

Yakaja mambo ya soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani zao za kutundika, wananunua pamba hata ya maji, hawaulizi. Ushirika ukadorora, watu wakapunguzwa, magari yakauzwa. Mimi nilishaondoka zamani, nachuuza mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani, kisha redio, kisha vipuri. Miaka ile kama una miguu na mdomo, unatajirika. Karani alipewa kiinua mgongo chake, na kwacho akanunua gari moja la ushirika, lile refu la nyuma pana, lililokuwa likipeleka mishahara vijijini. Akalipandisha hadi kwake Mkolani, juu kwenye mawe, akaliegesha mbele ya nyumba. Mkewe alikuwa ameshafariki, watoto wako mbali. Nilijenga jirani yake, chini kidogo.

Tulidhani atalifanya teksi. Hapana. Gari lile likawa la wagonjwa. Pale mlimani wakati huo hakuna gari lingine, na mama akishikwa na uchungu ni toroli au mgongo. Watu wakaanza kumgongea. Hakutoza. Alisema tu, "Leteni kanga mbili na mtu mmoja mwenye akili."

Mke wangu alilipanda kwa mtoto wetu wa kwanza. Saa saba mchana, jua kali. Hatukufika. Mbele kidogo ya Butimba mtoto akaamua. Mimi, mwanaume ninayejisifu hapa, nilisimama kando ya barabara nimeshika kiatu kimoja cha mke wangu, sijui cha kufanya. Karani akavua lile koti la kijivu, akalitundika dirishani kuzuia macho ya wapita njia, akageuza mgongo, akawa anamwambia mama aliyemsindikiza, taratibu, kama anayesoma mizani, "Pole pole. Mwacheni aje mwenyewe."

Kesho yake nilipanda kwake na ndoo na sabuni. Nikamkuta yuko ndani ya gari, amekunja mikono ya shati, anasugua kiti.

"Nimekuja kuosha, baba."

"Kuosha nini?"

"Gari. Si tulilichafua."

"Gari ni safi," akasema, na maji kwenye ndoo yake yalikuwa mekundu. "Rudi kwa mzazi."

Nikabisha. Akatoka, akafunga mlango kwa mgongo wake, akasimama pale. "Ng'wanawane," akaniita kwa Kisukuma, yaani mwanangu, "anayepanda hapa anaacha aibu yake humu. Aliyejifungua, aliyetapika, aliyejikojolea akilia. Mtu mzima hawezi kuacha aibu yake ikaoshwe barabarani na watu wenye vicheko. Anayeendesha ndiye anayeosha. Basi."

Ilikuwa sheria yake. Vijana walioosha magari ufukweni walimwita, hakwenda. Kila alipomfikisha mtu hospitali alirudi moja kwa moja nyumbani, akaosha ndani na nje, ndipo alipokula. Mtu mwingine hakupandishwa kabla gari halijaoshwa. Mwanangu alipofikisha siku saba, alikuja na mizani yake ndogo ya ndoano, akamfunga kwenye kanga, akamtundika. "Kilo tatu kasoro," akatangaza. "Pamba safi." Toka siku hiyo hakumwita jina. Alimwita Abiria.

Halafu mkono wake wa kulia ukamwacha. Aliamka siku moja, bega limekufa ganzi, mdomo umepinda upande. Hospitali walisema ashukuru. Usukani aliweza kuushika kwa kushoto, na gia nayo iko upande huo, hivyo kuendesha aliendesha. Alichoshindwa ni kukamua tambara. Jaribu kukamua tambara kwa mkono mmoja uone. Maji ya sabuni yanabaki kitini, damu inasambaa badala ya kutoka.

Nilimwambia, "Baba, nitakuoshea mimi. Kila mara. Nitapanda mwenyewe."

Akacheka kwa ule upande mzima wa mdomo. "Wewe? Wewe ukiosha asubuhi, jioni Kirumba yote inajua nani kajifungua na kwa uchungu gani."

"Baba!"

"Kwani uongo? Una moyo mzuri. Mdomo wako ndio hauna mlango."

Ndipo nilipomwambia habari za mashine. Nilikuwa nimeziona mjini, zimeanza kuingia kutoka Dubai: unachomeka umeme, unaunganisha mpira wa maji, unashika bunduki yake kwa mkono mmoja, maji yanatoka kwa nguvu yanang'oa uchafu hata kwenye zulia. Mkono mmoja, nikasisitiza. Hata wa kushoto. Nilimwona akiutazama mkono wake wa kushoto kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Ya bei ya mstaafu ipo?"

"Baba, mimi mjini ndio kwangu. Niachie."

Jumatatu tukashuka. Alibeba ile mizani ya ndoano ndani ya mfuko wa koti. Nilijua itatuletea maneno, na ikaleta. Duka la kwanza alikuwapo dada mmoja mpole, ana mashine mbili za ukubwa tofauti. Karani akaomba zitundikwe.

"Baba, unapima nini?" dada akauliza, watu wakaanza kusogea.

"Naujua ukweli wa kitu kwa uzito wake, binti. Chuma hakidanganyi."

"Lakini mashine si pamba, baba yangu." Watu wakacheka. Dada hakucheka. Akauliza maswali, na leo ndiyo ninayowauliza wateja wangu: nyumbani bomba linatoa maji kila siku? Umeme wenu una nguvu, au taa zinafifia jioni? Mpira utafika kutoka ukutani hadi kwenye gari? Karani akamjibu kwa heshima: bomba la Mkolani hutoa siku linapojisikia, maji yako kwenye pipa.

"Basi chukua hii ndogo," dada akasema. "Inavuta yenyewe kutoka kwenye pipa, hata ndoo. Hiyo kubwa inataka maji yanayokuja kwa nguvu. Ukiitia kwenye pipa inakunywa hewa, inaungua. Na kiti cha gari hakitaki presha kubwa, kitachanika."

Karani akaichukua ile ndogo kwa kushoto. Nyepesi, ganda lote plastiki. Akanitazama. Na mimi nikacheka kwa sauti, ili wale waliosogea wasikie kwamba yupo mjuzi hapa.

"Dada, hii ni ya kuoshea vikombe. Baba, twende. Ninaye jamaa yangu."

Jamaa yangu hakuwa jamaa. Tulikuwa tumesalimiana mara mbili. Alikuwa na kibanda nyuma ya soko, na ndani yake mashine moja ya chuma, nyekundu, imejaa maandishi ya Kiingereza ambayo mimi sikuweza kuyasoma na sikukubali kusema siwezi. Karani aliweza, lakini kibandiko kilikuwa kimekwaruzwa. Bei yake ilikuwa chini ya ile ndogo. Karani akaitundika. Mizani ikashuka, ikashuka.

"Hii ni mashine," akanong'ona.

"Mali ya kazi, mzee," yule mwenye kibanda akasema. "Inavuta hata ziwa."

Lakini Karani hakutoa pesa. Alijaribu kuinyanyua, mkono wa kulia ukakataa, wa kushoto peke yake haukuweza kuitingisha. Sikuwahi kumwona hajui la kufanya. Kisha akasema lile neno, ambalo sikuwa nimelisikia tangu ghalani:

"Ibebe. Bega linasemaje?"

Niliiinua, nikaitia begani. Na ndani yake kitu kikacheza.

Kidogo sana. Kama mtoto tumboni. Nilikisikia wazi kama ninavyosikia mvua juu ya bati. Lakini nilikuwa nimeshamcheka yule dada. Nilikuwa nimeshasema ninaye jamaa. Yule jamaa ananitazama, Karani ananitazama, na mimi ni mtu wa mjini.

"Imetulia, baba," nikasema.

Akalipa.

Jumamosi tukaifunga. Majirani walikuja kutazama, Abiria nimembeba. Bomba halikutoa, tukaingiza mpira kwenye pipa. Karani akashika bunduki kwa kushoto, amesimama wima kama askari wa gwaride. Nikawasha. Ikanguruma, ikatema maji, tukapiga makofi. Ikakohoa. Ikatema hewa. Ikaanza kulia sauti nyembamba, halafu harufu ya mpira unaoungua, halafu moshi. Nikachomoa waya. Maji machache yaliyotoka yalikuwa yanachuruzika kwenye kioo cha mbele.

"Labda ina hasira ya safari," jirani mmoja akasema, watu wakacheka, wakaondoka.

Nilirudi kibandani Jumatatu. Nikamkuta mama anauza viatu vya mitumba. Mwenye mashine? Hamjui. Amekikodi kibanda juzi. Nikakimbilia kwa yule dada: ile ndogo ilishanunuliwa, mzigo mwingine haujulikani utakuja lini. Nilikuwa na pesa mfukoni, nilikuwa na gari langu la kwanza, nilikuwa na miguu na mdomo, na sikuwa na la kufanya.

Fundi akaifungua mbele ya Karani. Chini ya mota, kwenye sanduku la chuma, kulikuwa na bonge la saruji, limefinyangwa likafungwa kwa mpira. Mpira umekatika upande mmoja. Fundi akaguna. Mimi nikatazama chini. Karani akaomba alipime. Akalitundika kwenye ndoano, akasoma kilo zake kwa sauti ile ile ya ghalani. Akaliweka dirishani.

Akaendelea kubeba watu, akaosha kwa mkono mmoja. Kazi ya saa moja ikawa ya nusu siku. Wiki chache baadaye alimpeleka mvuvi aliyekatwa na pangaboi la injini, gari likarudi linatisha. Alikuwa bado anafuta, asubuhi ya pili, walipokuja kumwita kwa ajili ya mke wa fundi seremala, anayeishi nyuma yangu. Mimi nilikuwa mjini. Mke wangu ndiye aliyenihadithia.

"Aliwaambia nini?" nikamuuliza.

"Aliwaambia, 'Nisubirini nifute.' Seremala akamwambia, 'Karani, liwe lilivyo, twende!' Akasema hawezi kumlaza mzazi kwenye damu ya mtu mwingine. Anafuta, anakamua kwa meno. Baba Abiria, kwa meno! Mama mmoja akamnyang'anya tambara, Karani akalinyakua tena. Wakaona wanachelewa. Wakamtia mzazi kwenye toroli."

Alipomaliza kufuta aliwafuata. Aliwakuta Nyegezi, barabarani, akawapakia. Mama alirudi nyumbani baada ya siku nne. Alirudi mikono mitupu.

Hakuna aliyemlaumu. Seremala mwenyewe alikuja kumshukuru, na nadhani hilo ndilo lililommaliza. Akaliegesha gari, akalifunga, funguo akaziweka kwenye kopo la vizibo vya chupa. Watu walipogonga alisema, "Gari ni chafu," na lilikuwa safi kuliko sahani zetu.

Mimi nilipita njia nyingine kwenda kwangu. Mwaka mzima, na zaidi. Biashara ilinifungukia, si uongo, kila nilichogusa kilikua. Ile njia nyingine ilikuwa ndefu na yenye mawe, na niliharibu springi mbili.

Mzigo wa zile mashine ndogo ulipokuja tena, nilinunua ya kwanza kabisa kwa yule dada. Nilimwomba anisomee kila neno la kibandiko, mara mbili, mbele ya watu. Nikampandia Karani na mashine mkononi. Ni nyepesi, unaibeba kama kapu la sokoni la mke wako.

Alikuwa barazani, amekaa kwenye kiti cha kamba. Ugonjwa ulikuwa umerudi mara ya pili, binti yake amekuja kutoka Shinyanga kumuuguza. Gari lilikuwa limezama kwenye vumbi, kuku amelalia mayai chini ya bampa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Maneno yalikuwa yanatoka moja moja, kama yanapimwa. "Abiria?"

"Yuko shule ya chekechea. Anasumbua."

"Pamba safi," akasema.

Nikamwekea mashine mapajani. Akaipapasa kwa kushoto, akainyanyua kidogo. "Nyepesi."

"Inavuta kwenye pipa, baba. Nitaosha mimi, wewe utaona. Na sitasema kitu kwa mtu."

Akatabasamu kwa ule upande. Nikajaza pipa, nikavuta waya, nikachomeka. Kimya. Nikabonyeza swichi ya taa. Kimya.

"Mgao," binti yake akasema kutoka jikoni. "Umeme wamekata toka asubuhi. Wakati mwingine hurudi saa nane."

Tukangoja. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake, bunduki ya mashine mkononi, kama mwindaji asiye na risasi. Saa nane ikaja ikapita. Kivuli cha mawe kikafika kwenye gari, kikalifunika tairi hadi tairi.

"Nitarudi kesho, baba," nikasema, nikainuka.

Akanyoosha kidole dirishani. Lile bonge la saruji lilikuwa pale pale, mwaka na zaidi, limeshika vumbi.

"Lete."

Nikampelekea. Akalipokea kwa kushoto, akauinua ule wa kulia uliokufa kwa kuusukuma na goti, hadi viganja vyote viwili vikawa chini yake. Akanielekezea.

"Mkono wangu ulishakufa," akasema, neno moja moja. "Siku ile nilipima kwa bega lako."

Nilijua anachosema, na yeye alijua toka siku fundi alipoifungua mashine.

"Lilicheza, baba," nikasema. "Nilisikia."

"Chukua jiwe lako. Utajengea."

Nilinyoosha mikono nikalichukua. Binti yake alikuwa mlangoni, ametazama pembeni. Nikashuka mlima wa Mkolani, mwanaume mwenye gari lake nikitembea kwa miguu, nimelitia jiwe begani, bega lile lile. Safari hii halikucheza.